Kopo Namba Nne

Kinoru, Meru
4 Mei 1998

Mpendwa Mwalimu Ednah,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu za kusahihisha, maana najua utaisahihisha. Ni Karimi, binti ya Muthamia, yule wa dawati la mbele uliyekuwa ukimwambia afunge mdomo ili wengine nao wapate hewa. Sijaufunga. Siku hizi natengeneza rangi za midomo na poda za uso, jina lake Nkatha, katika nyumba ndogo nyuma ya uwanja wa Kinoru. Nina wasichana saba wanaonifanyia kazi.

Sasa nina jambo ambalo ni wewe tu wa kunisaidia. Kuna wanunuzi wa Uingereza, wana ofisi Nairobi, wanataka kuweka Nkatha katika maduka yao. Lakini Wazungu hawa wana mambo. Kabla hawajauliza kama rangi inapendeza, wanauliza kama kuna mnyama aliyeteswa. Wanataka mkaguzi anayejua kemia aje athibitishe mambo matatu: kwamba hatujaribu vipodozi kwa mnyama yeyote, kwamba ndani hamna kitu kilichotoka kwa mnyama, hata nta ya nyuki, na kwamba malighafi tunaipata kwa haki bila kumnyonya mkulima. Akiridhika, tunapewa alama ya kubandika kwenye kopo. Bila alama, Uingereza nisahau.

Nimewapa jina lako. Ripoti inatakiwa kabla Julai haijaisha. Tafadhali usinikatae. Kila ninachokijua kuhusu kuchanganya kitu na kitu nilikijulia mezani pako.

Mwanafunzi wako daima,
Karimi Muthamia


Karurumo, Runyenjes
13 Mei 1998

Karimi,

Barua yako nimeisahihisha. Makosa mawili tu, umeendelea.

Nimekubali kuwa mkaguzi, kwa sharti kwamba tutaandikiana na kutia sahihi. Maneno ya simu hayana mwenyewe. Na usinitumie zawadi tena. Ile poda uliyoiweka ndani ya bahasha nimempa jirani yangu, na tangu hapo haji kwangu bila kujipodoa, hata akija kuomba chumvi.

Nijibu haya kabla sijafunga safari. Kwanza, wekundu wa rangi yako ya midomo unatoka wapi? Wengi hutumia wadudu wadogo waliosagwa, na mdudu ni mnyama hata kama ni mdogo. Pili, kama hutumii nta ya nyuki, ni nini kinachoishikisha rangi ikawa ngumu? Tatu, mafuta yako ya makadamia unayanunua kwa nani? Mimi naishi katikati ya miti hiyo. Nimewaona madalali wakitikisa matawi kabla kokwa hazijakomaa, wakaziita za daraja la chini, na mkulima akabaki ameshika kofia. Ndugu yangu Ndambiri amefanyiwa hivyo mara mbili.

Nne, na hili lijibu kwa makini. Umesema hamjaribu kwa sungura wala panya. Vizuri. Lakini kitu hakiwi salama kwa kutangazwa. Lazima kuna ngozi iliyotangulia. Ni ya nani?

Ednah Wambeti


Kinoru, Meru
25 Mei 1998

Mpendwa Mwalimu,

Nilipofika kwenye swali la nne nilihisi jasho kama la siku ya mtihani. Nakujibu moja moja.

Wekundu unatoka kwenye viazisukari vyekundu na udongo ambao tunauchuja mara tatu. Nta ni ya majani ya mti fulani, inaletwa kutoka nje kwa magunia, na risiti zipo. Makadamia nilikuwa nanunua kwa dalali mmoja anaitwa Mutugi, lakini aliponiletea kokwa mbichi nikamfukuza. Tangu Januari nanunua moja kwa moja kwa wakulima ishirini wa huko kwenu Karurumo. Nadhani unamjua kiongozi wao. Ni Ndambiri, ndugu yako. Muulize kama nimewahi kumnyonya.

Kuhusu ngozi. Mwalimu, wewe ni mtu wa hapa, huhitaji kufafanuliwa kama Mzungu. Kwetu mgeni akija, mwenye uji huonja kwanza, mgeni akiona, ndipo amkabidhi kibuyu. Hivyo ndivyo tunavyofanya Nkatha. Sisi wenyewe tunajipaka kabla ya kumuuzia mtu. Wasichana wangu hupenda mno, wengine hugombania. Nikiwaandikia Waingereza jambo hili hawataelewa, lakini wewe utaelewa.

Njoo Juni. Barabara ya Chuka imetengenezwa sehemu zile mvua ilizobeba.

Wako,
Karimi


Karurumo, Runyenjes
22 Juni 1998

Karimi mwanangu,

Nimefika salama, magoti yananiuma, lakini moyo umetulia.

Nilikuja Meru nikiwa nimekunja uso, nikidhani nitakuta jiko chafu na maneno matamu. Nimekuta meza safi, mizani iliyosawazishwa, na daftari lenye mwandiko uleule niliousahihisha miaka minne. Nilinusa nta nikaridhika. Nilichemsha kipande cha rangi yako, hakikutoa harufu ya mdudu. Na ulipoletewa uji ukaonja mbele yangu kabla ya kunipa, kisha ukachukua rangi nyekundu ukajipaka papo hapo na kunitolea busu la kuchekesha, nilimkumbuka marehemu mama yangu, na kusema kweli nilisahau nusu ya maswali niliyokuwa nimeandika.

Wasichana wako sita nimewaona, ngozi zao nzuri, wachangamfu. Aproni zilizotundikwa zilikuwa saba. Ile ya mwisho ilikuwa imetariziwa jina Kathure. Ulisema ameolewa huko Tharaka. Mfikishie heri zangu.

Ripoti nimeituma Nairobi leo. Mambo yote matatu umepita. Nimefundisha watoto wengi, na wengi wao wakiniona njiani hubadilisha upande. Wewe umenifanya nijivune.

Mwalimu wako,
Ednah Wambeti


Mikinduri
9 Julai 1998

Kwa Mwalimu Ednah,

Hunijui. Mimi naitwa Kathure, nilikuwa nafunga makopo kwa Madam Karimi kule Kinoru. Anwani yako nimepewa na Karambu, yule mrefu aliyekuletea kiti. Ameniambia uliuliza habari za aproni yangu na Madam akakuambia nimeolewa. Sijaolewa. Niko kwa nyanya yangu hapa Mikinduri. Yule aliyekuwa akinitaka alikuja mara moja, akaniangalia, akanywa chai, akaenda, na hajarudi.

Sikuandikii kwa ubaya. Madam hakunipiga wala hakunitukana. Mwezi wa pili alileta poda mpya ya majimaji, ya kung'arisha uso. Aliiweka kwenye makopo yasiyo na jina, ila namba tu, kisha kila mmoja wetu akapewa kopo lake ajipake asubuhi na jioni. Mimi nilipewa namba nne. Mwanzo nilipendeza sana, hata wamama wa soko la Gakoromone wakawa wananiuliza natumia nini. Halafu uso ukaanza kuwasha. Nilimwambia Madam, akasema niendelee wiki mbili tuone kama ngozi itazoea. Niliendelea, kwa sababu wengine walikuwa wanaendelea na mimi sikutaka kuonekana mwoga.

Sasa uso una mabaka ya rangi ya jivu. Miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Mikono inatetemeka, ndiyo maana mwandiko ni mbaya hivi, unisamehe.

Daktari anasema ni figo. Anasema naweza kupona nikitibiwa mapema, lakini lazima ajue nilikuwa najipaka nini, kwa sababu dawa ya sumu moja si dawa ya nyingine. Mimi namwambia nilikuwa najipaka namba nne. Yeye anasema namba nne si jina la kitu.

Nimemwandikia Madam mara tatu na hajajibu. Sitaki kesi, na sitaki afungiwe, kwa sababu Karambu na wengine wanategemea hiyo kazi. Naomba tu umuulize namba nne ilikuwa na nini ndani. Wewe ukimuuliza atakuambia.

Ni mimi,
Kathure


Karurumo, Runyenjes
15 Julai 1998

Karimi,

Kathure hajaolewa. Yuko Mikinduri, figo zake zinakufa, na barua tatu alizokuandikia umezikalia.

Nataka jina la kilichokuwa ndani ya kopo namba nne. Usinitumie maelezo wala pole, nitumie jina. Kwa dalili alizonieleza nashuku vitu vitatu, na kila kimoja kina tiba yake. Daktari hawezi kucheza bahati nasibu na mwili wa mtu.

Uliniandikia kwamba kwenu mwenye uji huonja kwanza. Ni kweli, na kwetu Embu ni vivyo hivyo. Lakini mama yangu alipoonja alitumia mdomo wake mwenyewe. Hakuwahi kumwita mtoto wa jirani amwonjee, akangoja nyuma ya mlango kuona kama ataanguka. Wewe siku ile ulijipaka rangi nyekundu mbele yangu kwa sababu ulijua ni salama. Namba nne uliwahi kujipaka hata kidole?

Na mimi ni mjinga wa kutolewa mfano darasani. Nimekuja kwako na miwani yangu, nikauliza habari za nyuki, nikauliza habari za wadudu, nikakagua gunia la nta kama askari wa forodha. Binadamu mmoja alikosekana mezani, nikamtumia salamu za harusi. Sijawahi kujichukia hivi.

Leo hii nimeandikia Nairobi pia, nimewaambia ripoti yangu waitupe.

Ednah Wambeti


Kinoru, Meru
21 Julai 1998

Mwalimu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na hata sasa sijui nikae wapi. Ile ya pili Nairobi walinisomea kwa simu. Alama yangu imezuiwa. Umenipaka matope mbele ya watu ambao nimewatafuta kwa miaka mitatu.

Basi tuambiane ukweli. Fomu yao iliuliza habari za wanyama. Isome tena, kurasa zote tisa. Hakuna mahali ilipouliza habari za wasichana. Na namba nne haikuwa ya Uingereza. Ilikuwa ya hapa hapa, ya Gakoromone, kwa sababu wanawake wetu wanataka kung'aa na mimi nisipowauzia atawauzia mwingine. Kwa hiyo sikukudanganya hata neno moja ila hilo la harusi, na hilo nililisema kwa aibu. Kathure alijipaka kwa hiari yake. Hakuna aliyemshika mkono.

Hukuniuliza nilijifunza wapi, lakini nitakuambia. Mwaka 1980, tulipotengeneza sabuni darasani, ulituamuru kila mtu ajipake yake kwenye mkono. Mimi nilikuwa nimezidisha magadi. Kovu ninalo mpaka leo karibu na kiwiko. Uliliangalia ukasema, sasa umejua. Hakuna aliyekuandikia barua. Ulikuwa mwalimu mzuri, kwa nini mimi nikifanya niwe mnyama?

Sasa sikiliza. Nairobi wamesema ukiandika kwamba ulikosea, alama itatoka. Andika. Siku nitakayoona nakala, nitakutumia jina unalolitaka. Usipoandika, karatasi ya namba nne naichoma, maana siwezi kuweka ndani ya nyumba yangu kitu cha kunifunga jela. Na Ndambiri na wenzake, ambao wameshaokota makadamia kwa ajili ya Uingereza, utawaeleza wewe.

Chukua siku zako ufikirie. Mimi naweza kungoja. Sijui kama Kathure anaweza.

Karimi Muthamia


Karurumo, Runyenjes
24 Julai 1998

Kwa Bwana Riungu,
Ofisi ya Wanunuzi, Nairobi

Bwana,

Barua yangu ya tarehe 15 Julai niliiandika kwa hasira, na sasa naiondoa. Ripoti yangu ya tarehe 22 Juni ibaki kama ilivyo.

Nathibitisha kwamba katika utengenezaji wa vipodozi vya Nkatha hakuna mnyama aliyeteswa, na kila kitu nilichokikagua ni sawa. Nimezipima sentensi hizi kila upande na hazina uwongo. Naomba mzisome zenyewe, msitafute nyingine.

Nakala: Karimi Muthamia, Kinoru.

Wenu,
Ednah Wambeti, Mkaguzi


Kinoru, Meru
28 Julai 1998

Mwalimu,

Ni zebaki. Ilikuja kama unga mweupe kutoka kwa mtu mmoja wa Nairobi, akaniambia ni dawa ya kuondoa madoa. Kwenye namba nne nilitia nyingi kuliko kwenye makopo mengine yote, kuona mwisho wake ni wapi.

Asante kwa ulichoandika. Alama imetoka.

Karimi


Karurumo, Runyenjes
30 Julai 1998

Mwanangu Kathure,

Mpelekee daktari karatasi hii leo hii, usingoje Jumatatu. Mwambie ni zebaki. Nimeiandika kwa herufi kubwa hapo chini ili asome hata kama mkono wako unatetemeka. Tiba yake ipo, na mwombe akupeleke hospitali kubwa kama yeye hana.

Sasa nikuambie jinsi nilivyolipata jina hili, kwa sababu sitaki unishukuru bila kujua. Karimi aliliuza, na bei yake ilikuwa mimi niseme kwamba kwake kila kitu ni sawa. Nimesema. Nimeandika na kutia sahihi. Nilikaa na barua ile mezani siku nzima nikijiambia kwamba haki inaweza kungoja lakini figo haziwezi. Huenda ni kweli. Huenda pia niliona uso wa ndugu yangu Ndambiri na magunia yake nikaogopa. Sijui ni kipi kilichonisukuma zaidi, na mwalimu anayesema hajui anatakiwa angalau aseme kwa sauti.

Nilikuja kiwandani kwenu kuwatetea sungura ambao hawakuwepo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, kunywa dawa tu, upone.

ZEBAKI.

Ednah Wambeti


Mikinduri
2 Oktoba 1998

Kwa Mwalimu Ednah,

Kwanza nakujulisha kwamba nimepata nafuu. Nilikaa hospitali wiki tano. Miguu imeshuka, navaa viatu. Ukiangalia utaona hata mwandiko umenyooka. Daktari alipoiona ile karatasi alisema ulifanya vizuri, kwa sababu wiki mbili zaidi na asingekuwa na la kufanya. Mabaka ya uso anasema hayatatoka. Nyanya ameondoa kioo ukutani, akaniambia kilipasuka. Nilikiona chini ya kitanda chake, kizima.

Uliniambia nisikushukuru bila kujua. Nimejua na nimeshukuru. Ningekuwa wewe ningeandika hivyo hivyo. Mtu anayezama haulizi kamba ni ya nani. Kwa hiyo hilo liishe, usilibebe.

Nimeandika kwa jambo lingine. Karambu alikuja kuniona Jumapili baada ya kanisa. Amependeza, Mwalimu. Anang'aa mpaka nyanya, ambaye haoni vizuri, aliuliza huyu ni nani. Ameniambia kazi ni nyingi, makopo ya Uingereza yanapakiwa kila siku, Madam amepata gari. Halafu akaniambia kuna mapya ya kuuza Gakoromone, na yeye amepewa namba saba.

Nilimwomba aache. Nilivua leso nikamwonyesha uso wote, ambao huwa simwonyeshi mtu. Alilia, kweli alilia. Lakini akasema hii si kama ile, Madam amewaapia. Akasema tena kwamba mkaguzi mwenyewe alishaandika kila kitu ni sawa, na barua yako Madam ameitia kwenye fremu, iko ukutani juu ya meza ya kupimia. Msichana akiuliza swali, Madam huinyooshea kidole.

Anajipaka wiki ya tatu sasa. Uso bado haujaanza kuwasha. Mimi pia wiki ya tatu haukuwa umeanza.

Mwalimu, naomba unisaidie tena kama ulivyonisaidia. Muulize Madam namba saba ina nini ndani. Safari hii tuulize mapema.

Ni mimi,
Kathure